Nani Alishika Saa? Historia ya Sekunde, Kutoka Kitui Hadi NFL

Leo tuanze na namba tatu, halafu uniambie nani hapo ana mbio kuliko wenzake.

9.5: Seraphino Antao, kijana wa Mombasa, akiwa Perth, Australia, mwaka 1962.

9.77: Ferdinand Omanyala, Kasarani, Septemba 18, 2021.

4.21: Xavier Worthy, Indianapolis, Marekani, mwaka 2024.

Najua tayari kuna mtu amesema, "Kumbe Antao alikuwa anamwacha Omanyala!" Na mwingine anasema Worthy ni roketi, wengine wote waende nyumbani. Pole pole. Antao alikimbia yadi 100, ambazo ni mita 91.44. Omanyala alikimbia mita 100 kamili. Worthy alikimbia yadi 40, yaani mita 36.58, kwenye majaribio ya wachezaji wanaotaka kuingia mpira wa Kimarekani wa kulipwa. Sasa gawanya umbali kwa muda. Antao anapata wastani wa mita 9.6 kwa sekunde, Omanyala mita 10.2, Worthy mita 8.7. Ghafla yule mwenye namba ndogo kuliko wote ndiye wa mwisho. Na hata hiyo haimtendei haki, kwa sababu mtu akitoka kusimama, sehemu kubwa ya zile yadi 40 bado anakusanya kasi. Anamaliza kabla hajaonja kilele chake.

Ninachosema ni hivi: namba ya mbio bila maelezo ni kelele tu. Umbali gani? Saa ilianza wakati gani? Aliishika nani? Upepo ulikuwa unatoka wapi?

Na mbona mimi, mtu wa Wote ninayezunguka Makueni na Kitui nikirekodi michezo ya shule kwa simu, nijisumbue na mambo haya? Kwa sababu kwetu Ukambani hizo namba zinaamua nani anaenda mbele na nani anarudi shambani, na nyingi hazina maelezo yoyote.

Kitui ilishawahi kuambiwa "hatuamini"

Kabla ya mbio, nipe dakika moja ya historia.

Desemba 3, 1849, mmishonari Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui. Alifika kwa msaada wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilijulikana kutoka bara hadi pwani. Siku hiyo mawingu yalifunguka, na Krapf akaona mlima mrefu wenye nyeupe juu. Kwa Wakamba hiyo haikuwa habari mpya, walikuwa na jina la mlima huo tangu zamani. Wengi wanakubali kwamba jina la nchi yetu limetokana na vile Krapf alivyosikia na kuandika jina hilo.

Mwaka mmoja kabla, mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameona theluji ya Kilimanjaro. Ripoti zao zilipofika Ulaya, kuna wasomi walizikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Mmoja wao, William Desborough Cooley, alikuwa mtaalamu wa ramani aliyekaa London na hakuwahi kukanyaga huku, lakini alibisha kwa miaka. Mpaka mwaka 1883 Joseph Thomson alipopita upande wa pili wa Mlima Kenya na kuuona, ndipo habari ya Krapf ikakubalika vizuri.

Miaka 34. Mlima wenyewe ulikuwa hapo hapo, na watu wa Kitui waliuona kila asubuhi isiyo na mawingu. Kilichokosekana ni kipimo ambacho mtu wa mbali angekiamini.

Sasa badilisha mlima uweke msichana wa kidato cha tatu kutoka Mutomo, au kijana wa Kibwezi mwenye miguu ya moto. Kocha wake anaapa huyu ni moto. Shule nzima inajua. Lakini mtu wa mbali mwenye nafasi ya masomo au ya kambi anauliza swali moja tu: "Muda wake ni ngapi, na ulipimwa vipi?" Hapo ndipo tunaanza kuangaliana.

Enzi ya kidole gumba

Zamani dunia nzima ilipima kwa mkono. Mtu anasimama karibu na mstari wa mwisho na stopwochi, bastola ikilia anabonyeza, mkimbiaji akifika anabonyeza tena. Ndivyo mbio nyingi za kina Antao zilivyopimwa. Na usimdharau Antao hata kidogo. Pale Perth alishinda yadi 100 na pia yadi 220, akawa Mkenya wa kwanza kuleta dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakati huo Kenya haijapata hata uhuru. Tunapenda kusema sisi ni taifa la mbio ndefu, lakini dhahabu hiyo ya kwanza ililetwa na mtu wa mbio fupi kutoka pwani. Hiyo wengi wetu hatukufundishwa.

Shida ya mkono ni binadamu. Jicho linaona moshi wa bastola, ubongo unafikiria, kidole kinabonyeza. Hapo kitambo kidogo kimepita, tuseme sehemu mbili za kumi za sekunde. Lakini mwisho wa mbio, unamwona mkimbiaji akija, kidole tayari kinamsubiri. Hapo huchelewi. Kwa hivyo saa inaanza ikiwa imechelewa lakini inafungwa kwa wakati, na mkimbiaji anapewa zawadi ambayo hakuitafuta.

Angalia fainali ya mita 100 ya Olimpiki ya Roma, mwaka 1960. Armin Hary wa Ujerumani na Dave Sime wa Marekani wote walipewa 10.2 rasmi. Mashine iliyokuwa pembeni ilisema Hary 10.32 na Sime 10.35. Mkono uliona watu wawili sawa, mashine ikaona nani ametangulia na kwa kiasi gani. Mwaka 1968 kule Mexico, Jim Hines alipewa 9.9 kwa vitabu vya wakati huo, mashine ikasema 9.95. Kufika mwaka 1977, shirikisho la riadha duniani likafunga mlango: rekodi ya dunia ya mbio fupi ni ya mashine tu, kwa mia za sekunde.

Wataalamu wakatengeneza daraja la kulinganisha. Muda wa mkono wa mita 100 au 200, unaongeza 0.24 ndiyo uukaribie wa mashine. Mita 400 unaongeza 0.14. Kwa hivyo kijana wa kwetu aliyeandikwa 10.6 kwa mkono, kwa lugha ya dunia ni kama 10.84. Bado ana mbio, usininukuu vibaya. Lakini si mtu yule yule kwenye karatasi.

Wamarekani na yadi zao 40

Unaweza kudhani matajiri wa NFL walishamaliza shida hii kitambo. Wapi.

Yadi 40 zilitoka wapi? Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba kocha Paul Brown wa Cleveland Browns alizichagua kwa sababu ndio umbali ambao mchezaji anakimbia kuufuata mpira uliopigwa juu kwa teke. Baadaye kila mtu akaiga. Kuanzia mwaka 1982 timu zikawa zinakutana mahali pamoja kuwapima vijana wanaotoka vyuoni, kwanza Tampa, na tangu mwaka 1987 Indianapolis. Wanapimwa uzito, urefu, kuruka, na ile yadi 40 ambayo watu wanaitazama kwa televisheni kama fainali.

Halafu kuna ngano. Bo Jackson, mwaka 1986, inasemekana alikimbia 4.12. Kwa mkono. Wazee wa mpira huo bado wanaisimulia kama vile sisi tunasimuliana kuhusu mchezaji wa kijiji aliyepiga mpira ukapasuka. Huenda jamaa alikuwa moto kweli, lakini huwezi kuiweka 4.12 ya kidole mezani pamoja na 4.22 ya John Ross ya mwaka 2017 au 4.21 ya Worthy. Zilipimwa kwa njia mbili tofauti.

Na hata hizi za sasa si za mashine tupu. Pale Indianapolis hakuna bastola wala filimbi. Kijana anaanza akiwa tayari mwenyewe, mtu anabonyeza akiona amesogea mara ya kwanza, halafu miale kwenye mstari wa mwisho ndiyo inafunga saa. Mwanzo ni mkono, mwisho ni mashine. Na kwa sababu anaanza mwenyewe, ule muda wa kusikia mlio na kuitikia haumo kabisa.

Chukua Usain Bolt pale Berlin mwaka 2009, siku ya 9.58. Alipita mita 30 kwa 3.78 na mita 40 kwa 4.64. Ukikadiria, yadi 40 alizipita kama kwa 4.35. Mtu wa NFL atasema, "Kumbe Worthy anamshinda Bolt!" Hapana bwana. Ndani ya ile 4.35 kuna sekunde 0.146 za Bolt kuitikia bastola. Zitoe, unabaki na kama 4.20. Na hapo anapimwa na mashine kutoka mwanzo hadi mwisho, na kasi yake kubwa zaidi bado iko mbele, kati ya mita 60 na 80. Mwaka 2019 kule Atlanta, Bolt akiwa ameshastaafu, na viatu vya kawaida, alijaribu yadi 40 kwenye onyesho akapewa 4.22. Watu walicheka mtandaoni wiki nzima.

Siku hizi hizo timu zina vifaa vidogo kwenye mabega ya wachezaji vinavyosoma kasi wakati wa mechi yenyewe. Mwaka 2016 Tyreek Hill alisomwa akienda maili 23.24 kwa saa, kama kilomita 37.4. Hiyo naipenda zaidi, kwa sababu ni mtu amevaa kofia ngumu, amebeba mpira, na kuna watu wanataka kumvunja. Lakini vifaa hivyo vinasaidia ukishaingia. Ukiwa nje mlangoni, bado unaulizwa yadi 40.

Kwa nini hii inagusa Ukambani

Najua utaniuliza: nani Kitui anacheza mpira wa Kimarekani? Wachache sana. Lakini mlango umeanza kufunguka. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili Daniel Adongo, Mkenya wa raga ambaye hakuwa amecheza mchezo huo hata mechi moja, na msimu huo huo akaingia uwanjani. Mwaka 2017 NFL ilianza mpango wa kutafuta wachezaji nje ya Marekani. Mwaka 2023 walileta kambi yao Nairobi. Na aina ya mchezo huo isiyo na kugongana, ile ya kuchomoa kitambaa kiunoni, itakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Ongeza vyuo vya Marekani ambavyo kila mwaka vinatafuta wakimbiaji, na raga ya hapa nyumbani. Omanyala mwenyewe alitoka kwa raga. Wote hao wanauliza spidi.

Sasa hebu fikiria kitu hiki ambacho kimenisumbua sana. Mtu maarufu zaidi wa mbio kutoka Kitui ni nani? Wengi watasema Benson Masya. Bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 1992, kule Newcastle, mashindano hayo yakifanyika kwa mara ya kwanza kabisa. Mshindi wa Great North Run mara nne. Heshima kubwa. Ukienda Machakos utaambiwa Cosmas Ndeti, aliyeshinda Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Watu wa barabara, watu wa masafa.

Ni kwa sababu damu yetu ni ya masafa? Huenda kuna mengine. Mimi naona hivi: mbio za masafa zinasamehe saa mbaya. Kwenye nusu marathoni, hata ukikosea sekunde kumi, bado unajua huyu ni bingwa na huyu ni mtembezi. Unaweza kumpima Masya kwa saa ya ukutani. Lakini mita 100, nusu sekunde ndiyo tofauti kati ya mtu wa Olimpiki na mtu wa siku ya michezo shuleni. Kwa hivyo mahali pasipo na vipimo vizuri, kipaji cha masafa kitatoka tu, na cha mbio fupi kitabaki kimefukiwa. Halafu baada ya miaka 50 watu wanasema, "Hawa hawana mbio fupi." Nani aliwapima?

Na hiyo si Ukambani tu. Kenya nzima ilikuwa na timu ya dhahabu ya kupokezana mita 400 kule Munich mwaka 1972: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Halafu tukasahau tukaanza kuimba kwamba mbio fupi ni za Wajamaika. Ilibidi Omanyala akimbie 9.77 pale Kasarani, mbele ya mashine iliyokubalika na kipimo cha upepo kikisoma mita 1.2 kwa sekunde, ndipo dunia ikanyamaza. Angekimbia muda ule ule kwenye uwanja wa vumbi na stopwochi ya mwalimu, tungekuwa na ngano kama ya Bo Jackson. Rekodi ya Afrika hatungekuwa nayo.

Filimbi, kamba na upepo

Nimekaa pembeni ya viwanja vingi vya kwetu. Hivi ndivyo sekunde zinavyopotea.

Ya kwanza ni filimbi. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mwisho wa mita 100, filimbi inakufikia baada ya karibu sekunde 0.3. Ukianzisha saa kwa kusikia, umeshampa mkimbiaji hizo 0.3 za bure, na kidole chako hakijaanza hata kusogea. Ndiyo maana wapimaji wa zamani waliangalia moshi wa bastola na si mlio wake. Mwanga haukawii. Kwetu wanasikiliza filimbi, halafu tunashangaa mbona kila shule ina mtu wa 10.8.

Ya pili ni umbali. Uwanja unapimwa kwa kamba, au kwa hatua za mwalimu wa michezo. Mtu wa kasi anamaliza mita moja kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mita 97 zinazoitwa 100 ni zawadi ya sehemu tatu za kumi. Uwanja ukiwa mita 103, umemuibia mtoto kiasi hicho hicho, na huyo hakuna atakayemuita.

Ya tatu ni mwisho wa mbio. Kanuni inasema kiwiliwili kikifika kwenye mstari. Si kichwa, si mkono, si mguu. Wapimaji watatu bila kuelewana wanasimamisha saa kwa vitu vitatu tofauti. Kuna mbio moja niliomba watu watatu washike simu zao wapime kijana mmoja. Kati ya namba ya juu na ya chini kulikuwa na karibu nusu sekunde. Kijana alikuwa mmoja na mbio ilikuwa moja. Kila mpimaji aliapa yake ndiyo sahihi.

Ya nne ni upepo. Upepo wa mgongoni ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, muda hauhesabiwi kwa rekodi, kwa sababu hata huo wa 2.0 unaweza kukupa karibu sehemu moja ya kumi. Na wewe unajua upepo wa Julai na Agosti huku kwetu, ule wa kubeba vumbi na kofia.

Ya tano ni mwinuko. Hewa ya juu ni nyepesi, inapunguza ukinzani. Riadha inaweka alama kwa muda wa mbio fupi uliokimbiwa juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Haifuti huo muda, inauambatanisha na maelezo tu. Kasarani iko juu sana ya hapo. Mji wa Kitui na Wote pia ziko juu ya 1,000, lakini shuka hadi Mtito Andei na uko chini yake. Kaunti moja, hewa mbili.

Jumlisha hayo yote. Kijana anatoka nyumbani na karatasi iliyoandikwa 10.7. Wazazi wanauza mbuzi wawili apate nauli na viatu vya njumu aende majaribio Nairobi. Mashine inasoma 11.4. Anarudi akiambiwa alidanganya. Hakudanganya. Alibeba tu uongo wa filimbi, kamba na upepo. Najua zaidi ya mmoja aliyepitia hivyo, na wengi wao hawakukimbia tena. Na upande wa pili kuna yule wa uwanja mrefu na mpimaji mzito wa kidole, aliyeandikwa 11.6 akaambiwa ajaribu voliboli.

Usiabudu namba pia

Kabla mtu hajanishambulia, sisemi spidi ndiyo kila kitu. Historia ina jibu tamu hapa. Mabingwa wawili wa Olimpiki wa mita 100, mmoja baada ya mwingine, waliingia mpira wa Kimarekani. Bob Hayes wa Tokyo 1964 alienda Dallas Cowboys, akabadilisha namna timu zilivyolinda kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyeweza kumkaba. Akashinda Super Bowl, na jina lake likaingia kwenye jumba la mashujaa wa mchezo huo mwaka 2009. Jim Hines wa Mexico 1968, aliyekuwa na muda bora kuliko wa Hayes, alienda Miami Dolphins. Mpira haukukaa mikononi. Hakudumu.

Kwa hivyo namba nzuri inakufungulia mlango, lakini ndani utajitegemea. Ninachodai ni kwamba mtoto wa Kitui afike mlangoni na namba ya kweli. Akifungiwa, afungiwe kwa uwezo wake.

Tunaweza kuanza Jumamosi hii

Kuna mambo hayahitaji bajeti. Kanuni za zamani za kupima kwa mkono ni za bure. Weka wapimaji watatu, chukua namba ya katikati. Kama wawili wamekubaliana, hiyo ndiyo. Kama una wapimaji wawili tu, chukua ndefu. Halafu pandisha hadi sehemu ya kumi inayofuata: 11.31 inaandikwa 11.4. Na uandike wazi kwamba ni muda wa mkono.

Anzisha kwa bendera, si kwa filimbi peke yake. Mwenye kuanzisha apulize huku akishusha kitambaa cheupe, na wapimaji wafuate kitambaa.

Pima uwanja kwa tepu ya chuma mara moja, piga vigingi, basi. Usipime upya kwa hatua kila muhula.

Na simu. Hapa ndipo sisi vijana tuna nguvu kuliko waalimu wetu. Simu nyingi za sasa zinarekodi fremu 60 kwa sekunde, na zingine 240 kwa mwendo wa polepole. Simama kwenye mstari wa mwisho sawasawa, usikae mbele wala nyuma yake. Anza kurekodi ukiwa umelenga kitambaa. Kikishuka, geuza simu kuelekea mstari, usizime. Baadaye hesabu fremu kutoka kitambaa kiliposhuka hadi kiwiliwili kilipofika. Kwa fremu 60, kila moja ni kama sekunde 0.017. Kwa 240, ni kama 0.004. Hakuna kidole cha binadamu kinafika hapo. Haitakuwa rekodi rasmi, lakini ukimtumia kocha wa mbali video hiyo, anaweza kuhesabu mwenyewe. Hatalazimika kukuamini, na ndiyo maana atakusikiliza.

Ukitaka yadi 40, pima mita 36.58, anza mwenyewe bila mlio, na uhesabu kutoka pale mwili unaposogea mara ya kwanza. Useme hivyo kwenye maelezo. Usichanganye na mbio za kuanza kwa ishara.

Halafu kuna la bajeti, na hili nawaambia wakubwa wa kaunti zote mbili. Oktoba 20, 2025 taifa zima lilikuja Ithookwe kwa Mashujaa Dei. Tuliona kwamba pesa ikitakiwa kupatikana kwa uwanja, inapatikana. Basi kila kaunti inunue seti moja ya mashine ya kupima mbio na kifaa cha kupima upepo, vizunguke pamoja na michezo ya shule ya muhula wa kwanza. Seti hiyo ibebwe kwa gari, isifungiwe ofisini. Siku moja Mwingi, siku nyingine Mutomo, Wote, Makindu. Kila mtoto aliyeingia fainali aondoke na karatasi yenye muda, upepo, tarehe na jina la uwanja.

Watu wa Kitui walijua mlima wao una theluji kwa vizazi vingi kabla London haijakubali. Leo tuna simu mfukoni, na hatuna haja ya kumsubiri mtu apite upande wa pili wa mlima ndiyo tuaminiwe. Pima vizuri, andika ukweli, hata ukiuma. Ukiwa na msee wako anayekimbia, mpelekee hii posti kabla ya Jumamosi, na ubebe kitambaa cheupe.